Nakala Mbili za Bashasha

Mambo haya yalimkuta mfamasia mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke asiye na makeke, na habari za majini na mizimu hazimwingii kabisa. Akili yake iko kwenye mpangilio. Ukienda dukani kwake umuombe dawa ya kikohozi, mkono wake unaifuata bila macho kutazama. Kwa hiyo aliposema anatafuta programu ya kupanga diski za filamu za marehemu baba yake, hakuna aliyeshangaa.

Baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, alikuwa na duka la kukodisha filamu. Watu walipoanza kuangalia kila kitu kwenye simu, alifunga duka, akahamishia diski zote nyumbani na kumwagiza seremala amtengenezee rafu ya ukuta mzima katika chumba cha nyuma. Zilikuwa mamia kwa mamia. Mzee mwenyewe alizijua zote kwa kichwa, na alipofariki akaondoka na kichwa chake.

Aliyeumia zaidi ni mama yao. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka taratibu, lakini filamu alizoangalia na mumewe hakuzisahau. "Niwekeeni ile ya mwanamke anayengoja treni," alikuwa akiomba, na wanawe wanapekua rafu mpaka vumbi linawakaba koo. Wasiipate. Mama analala amenuna kama mtoto.

Basi Jumamosi moja asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani, mfamasia aliingia chumba kile na simu yake. Alikuwa na mdogo wake, fundi wa lifti, ambaye mtaa mzima tunamwita Bashasha kwa sababu hata msibani huwa hakosi la kuchekesha.

"Dada, kuchagua programu tu umekunja uso hivyo," alimwambia, "siku ukichagua mume itakuwaje?"

"Shika kitambaa ufute vumbi," dada mtu akajibu.

Programu ya kwanza ilisoma ile mistari myeusi iliyo nyuma ya kasha. Unaielekezea simu, inalia piii, jina la filamu linatokea na picha ya jalada. Nzuri sana. Lakini nusu ya makasha yalikuwa na majina aliyoandika baba yao kwa kalamu ya wino mzito, hayana mistari yoyote, na hapo programu ikabaki imeduwaa. Ya pili ilikubali uandike mwenyewe, ila bila mtandao haifanyi chochote, na mtandao katika chumba kile ulikuwa wa kubahatisha. Ya tatu ndiyo iliyomfanya mfamasia atabasamu. Unapiga picha rafu nzima, nayo inasoma migongo ya makasha yote kwa pamoja. Haihitaji mtandao. Inakumbuka nani ameazima nini. Tena inakuambia kama filamu moja unayo mara mbili, jambo ambalo baba yao alikuwa bingwa wake.

Akainua simu. Miraba midogo myeupe ikaanza kutua kwenye migongo ya makasha, mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila mraba jina. Hata mwandiko wa marehemu ulisomeka.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

Akasogeza simu taratibu mpaka mwisho wa rafu. Pale rafu ilikuwa haijafika kwenye kona. Palibaki nafasi tupu, upana wa mtu aliyesimama. Ukuta mtupu tu.

Mraba ukatua na pale.

Ulikaa juu, usawa wa kichwa. Chini yake pakaandikwa: *Haijatambuliwa. Weka jina?*

Mfamasia akafuta kioo cha kamera kwa upindo wa kanga. Akaelekeza tena. Mraba ulikuwepo. Akasogea kulia, mraba ukabaki palepale ukutani. Akarudi nyuma, ukapungua ukubwa, kama kitu chochote kinavyopungua ukikiacha mbali. Akatuliza mkono kabisa. Hapo mraba ukainama upande mmoja, polepole.

Kama mtu anayepinda shingo ili akuone vizuri.

"Ni madoa ya rangi hayo," Bashasha alisema akichungulia begani kwake. "Simu hizi zinaona sura hata kwenye mawingu."

"Mnafanya nini humu?"

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, na hakuwa akiwatazama wao.

"Tunapanga filamu zako, Mama."

"Baba yenu hakutaka ukuta ule upigwe picha."

"Kwa nini?"

Mama akafikiri. Ungemuona kabisa akilitafuta jambo, analishika, linamponyoka. "Alisema..." Akameza mate. "Alisema asipewe jina."

"Nani, Mama?"

Lakini lilikuwa limeshapotea. Mama akawauliza kama chai iko tayari, akajiondokea zake.

Mfamasia alitaka kuzima simu. Ni Bashasha aliyemnyang'anya, huku akicheka. "Kama hana jina si tumuazime langu!" Kidole chake kikacheza juu ya kioo kabla dada yake hajamfikia. *Bashasha*. Akabonyeza.

*Imehifadhiwa.*

Mraba ukazimika. Wakaangalia kona, hakuna kitu. Wakacheka wote wawili, na mfamasia anasema kicheko chake mwenyewe hakukipenda.

Mchana, chakula kilipokuwa mezani, mama yao alipakua sahani, akainuka nayo, akaelekea chumba cha nyuma.

"Unaipeleka wapi, Mama?"

"Kwa Bashasha. Hajala tangu asubuhi."

"Bashasha si huyu hapa!"

Mama akageuka, akamtazama mwanawe wa kumzaa kwa heshima zote, jinsi unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekaa mezani kwako.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Jisikie nyumbani."

Wakajipa moyo kwamba ni umri. Mfamasia alimfuata kuichukua ile sahani. Aliikuta sakafuni, konani, haijaguswa. Chakula kilichotoka mezani kikifuka mvuke sasa hivi kilikuwa baridi, kimekauka juu, kama kilicholala.

Siku zilizofuata Bashasha akawa anampigia dada yake simu bila mizaha. Mlinzi wa jengo analofanyia kazi, mtu wanayetaniana naye miaka yote, alimzuia getini akamuuliza amekuja kumuona nani. Fundi mwenzake alimpita kwenye ngazi bila kumuitikia.

"Na simu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Naielekezea uso, haifunguki. Dada, simu yangu hainijui."

Wiki hiyohiyo, mimi mwenyewe nikianika nguo uani, nilimuona Bashasha kwenye dirisha la kile chumba cha nyuma. Nilimpungia mkono. Hakunijibu, alikuwa akicheka tu. Jioni nikamlalamikia dada yake kwamba mdogo wake siku hizi ana maringo. Akaniuliza ilikuwa saa ngapi. Nilipomwambia, macho yakamtoka pima.

Saa hizo Bashasha alikuwa kazini, upande wa pili wa mji.

Alirudi ndani akafungua ile programu, ambayo hakuwa ameigusa tangu Jumamosi. Ujumbe ulikuwa ukimsubiri katikati ya kioo.

*Una nakala mbili za Bashasha. Ungependa kubaki na ipi?*

Chini yake picha mbili. Ya kushoto ni mdogo wake ndani ya ovaroli la kazi. Ya kulia ni mdogo wake ndani ya ovaroli la kazi. Hakuna aliyewahi kupiga picha hizo.

Alimuita kesho yake mchana. Bashasha alifika amekonda, ndevu hazijanyolewa, akabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa kwa sababu mama yao aligoma kumfungulia. Wakaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Nje kulikuwa kweupe, watoto wa jirani wanacheza mpira. Ndani kulikuwa kimya.

Mfamasia akainua simu.

Miraba miwili. Mmoja ukatua kwenye uso wa mdogo wake aliyesimama pembeni yake. *Bashasha.*

Wa pili haukuwa konani tena. Ulikuwa katikati ya chumba. *Bashasha.*

"Futa," mdogo wake alinong'ona.

"Ipi?"

Chini ya kioo zilijitokeza tena zile picha mbili, hazina tofauti. Ovaroli lile lile, kifungo kile kile kilichokatika.

"Ya kulia. Nadhani ya kulia."

"Ya kushoto, dada."

Sauti ilikuwa ya Bashasha. Ilitokea mbele yao, mahali pasipo na mtu.

Mfamasia alirudi nyuma hatua moja. Alijikaza. Aliyafunga macho, akayafungua, akafanya kile anachofanya dukani anapoletewa dawa mbili zinazofanana: akaacha kutazama majina, akatazama vitu vyenyewe.

"Shika sikio," alimwambia mdogo wake.

Bashasha akashika sikio. Kwenye kioo picha zikawa hai: mtu wa kwenye picha ya kushoto akashika sikio. Wa kulia naye akashika sikio. Hawakupishana hata kidogo.

"Inamisha kichwa."

Wakainamisha vichwa. Wote.

Mraba wa katikati ya chumba ulikuwa umekua. Ulikuwa ukisogea.

"Fumba macho."

Wakafumba. Mraba ukawa mkubwa kama kiganja. Mfamasia alihisi ubaridi wa pumzi kwenye vidole vilivyoshika simu.

"Cheka," akasema.

"Nini?"

"Cheka, mdogo wangu. Nakuomba. Cheka."

Bashasha akajaribu. Mtu aliyechekesha misiba yote ya mtaa huu alifungua mdomo, na kicheko hakikuja. Midomo ilimtetemeka. Machozi yakamshuka. Alikuwa na hofu mno.

Kwenye kioo, mtu wa picha ya kushoto alikuwa akitetemeka midomo, machozi yanamshuka.

Wa kulia alikuwa akicheka.

Alicheka vizuri sana. Alicheka kama Bashasha wa zamani, kichwa nyuma, meno yote nje. Mfamasia akaweka kidole juu yake.

*Kitu hiki kitaondolewa kabisa. Endelea?*

Kicheko kikakoma. Sura ile ikashuka, ikamtazama yeye, siyo kamera. Mdomo ukafanya neno moja bila sauti. *Dada.*

Akabonyeza.

Kitu kikapita mbele ya rafu kwa kasi, toka katikati hadi mwisho, kama mtu anayekimbia akiburuza bega ukutani. Makasha yakamwagika sakafuni kwa kishindo. Kisha kimya. Mpira wa watoto ukagonga ukuta wa nje, wakapiga kelele za goli.

Bashasha alitoa simu yake mfukoni. Akaielekezea uso. Ikafunguka. Akakaa chini juu ya makasha na kulia kama mtoto mdogo. Walipofungua mlango, mama yao alikuwa hapo hapo nje, mkono kiunoni.

"Bashasha, wewe! Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

Hakuna maneno matamu zaidi ya hayo aliyowahi kusikia maishani mwake.

Programu ile mfamasia aliifuta. Diski zote walizihamishia sebuleni, na alizipanga mwenyewe kwa kuandika majina kwenye kompyuta, moja moja, jioni baada ya jioni, bila kamera. Ile ya mwanamke anayengoja treni ilipatikana kati ya zilizoanguka. Mama ameshaiangalia mpaka sisi majirani tunaijua kwa kusikia. Bashasha amerudi na mizaha yake, ila akicheka sana huwa anasita ghafla, anamtazama dada yake, kama anaomba ruhusa.

Rafu ilibomolewa, chumba kikaachwa wazi kipigwe rangi. Nilikwenda kuwasaidia, maana ni majirani zangu. Ndipo nilipoliona doa. Lipo katikati ya ukuta wa dirishani, usawa wa kichwa cha mtu mzima, la mviringo, lenye mafuta, kama linaloachwa na nywele za mtu aliyezoea kuegemea mahali pamoja kwa miaka. Mfamasia anasema halikuwepo. Tulilisugua kwa sabuni. Tukapaka rangi, ikakauka, doa likarudi. Tukapaka tena.

Juzi alinipa ufunguo nikafunge dirisha maana mvua ilikuwa inakuja, na nyumbani kwao hakukuwa na mtu. Sijui kilichonituma, nilikwenda nikaweka kiganja pale. Ukuta wote ulikuwa baridi. Pale kwenye doa palikuwa na uvuguvugu, kama mto ambao mtu ametoka kunyanyua kichwa sasa hivi.