Kiraka Kwenye Boti ya Nesi

Kiraka cha kwanza kiligoma Jumatatu saa tano asubuhi, jua likiwa kali kabisa, na fundi akadhani ni uchovu wake tu.

Watu walimwita Jicho. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za boti za faiba na kurudishia jelikoti, ile ngozi ngumu ya nje inayong'aa, mpaka mwenye boti mwenyewe asijue palipopasuka. Kuziba si kitu. Shughuli ni rangi. Nyeupe ya boti haiwi nyeupe. Jua huila, maji huila, na baada ya miaka inakuwa na unjano kidogo, au ukijivu, au kitu kisicho na jina. Jicho alitumbukiza ncha ya njiti kwenye kopo la njano, tone moja, akakoroga, akaweka doa ubavuni mwa boti, akarudi hatua tatu nyuma na kukunja uso. Doa likipotea, amepata.

Siku hizo alikuwa hoi. Magoti yalimuuma, kifua kilijaa vumbi la faiba, na usingizi haukumtosha hata alale vipi.

"Nikimaliza hii ya nesi napumzika mwezi mzima," alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, waliyeshirikiana naye karakana.

"Ulisema hivyo boti tatu zilizopita," shemeji alijibu, akicheka ndani ya barakoa.

Nesi alikuwa ameirithi boti hiyo kwa baba yake, na kila wiki alivuka nayo kupeleka chanjo zahanati ya ng'ambo. Iligonga gati ikapasuka pale pale palipokuwa na kiraka cha zamani kilichopakwa ovyo. Jicho alipokisaga kile kiraka kwa grenda, ndani ya faiba alikuta msokoto wa nywele, mrefu kama mkono, umelazwa kwenye resini, ile gundi inayogandisha faiba, kwa uangalifu. Ulikuwa bado na unyevu. Ulinukia kama kichwa kilichooshwa sasa hivi. Angekuwa na nguvu angejiuliza. Alikuwa amechoka, akautupa kwenye pipa pamoja na vumbi, na kesho yake lori la taka likapita.

Ndipo ikaja hiyo Jumatatu. Doa la majaribio lilikuwa limepotea vizuri, akapaka kiraka kizima, lakini alipobandua tepu kiraka kilimtolea macho kama jino la bandia. Akasaga, akachanganya upya. Jumanne kikawa cha njano mno. Jumatano kijivu.

"Umezeeka, shemeji," alitaniwa.

"Labda."

Lakini Alhamisi shemeji hakutania. Alikuwa ameshika vipande vya sampuli ambavyo Jicho huvikausha kila anapochanganya, akavilinganisha na boti kimoja kimoja, kisha akashusha sauti.

"Hebu njoo. Kiraka hakijabadilika. Kiko sawasawa na sampuli yake." Akagusa ubavu kwa kidole. "Boti ndiyo inayobadilika."

Kisha Jicho, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya kazi, akachukua msasa na kuanza kukwaruza. Ubavu wa boti ile ulikuwa na kuta mbili, na katikati nafasi ya hewa iliyozibwa kila upande ili boti isizame. Kutoka mle ndani akasikia msasa mwingine. Alipokwenda mbele, nao ulikwenda mbele. Alipopunguza mwendo, nao ulipunguza. Na alipoinua mkono kabisa na kuushika kifuani, jasho likimtiririka mgongoni na ile harufu ya nywele mbichi ikimjaa puani ingawa mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwa ukiingia, mle ndani pasipo na mlango wala tundu kitu kilikwaruza mara mbili zaidi, taratibu, kama mtu anayemalizia.

"Umesikia?" aliuliza kwa kunong'ona.

Shemeji alikuwa ameshatoka nje.

Mchana huo, nyumbani, mkewe alimwambia achukue kikombe cha kijani. Jicho aliviangalia vikombe viwili mezani. Vyote vilikuwa vya kijivu.

"Kipi?"

"Acha mchezo, baba watoto. Chai inapoa."

Hakuwa akicheza. Ijumaa alifungua kopo la njano akaona uji wa saruji. Akaketi sakafuni. Goti likiharibika utakaa kwenye kiti ufanye kazi. Yeye bila jicho alikuwa nani?

Nesi aliitwa. Aliposikia habari ya nywele alishika mdomo.

"Baba alikuwa na jini," alisema polepole. "Lilimwonyesha njia kwenye ukungu. Alipoona linataka kuhamia kwangu, nilikuwa bado mdogo, akalifungia kwenye boti kwa msokoto huo. Aliniambia nisiguse kile kiraka. Nilidhani ni maneno ya mzee, fundi. Nisamehe."

Ni yeye aliyemleta mganga alasiri hiyo hiyo: mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba, aliyekohoa kwa ukali wa resini na kuomba kiti.

"Shikamoo, mama," Jicho alisema.

"Marahaba. Msokoto uko wapi?"

"Ulikwenda na taka."

Mganga alifunga macho, kama mtu aliyeambiwa foleni inaanza upya. "Basi kufungia hakuna. Tutaomba."

Akaweka kiganja ubavuni mwa boti, akasoma dua kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka nesi akaanza kulia bila kujua. Halafu faiba yenyewe ikaongea, ukuta mzima ukitetema kama ngozi ya ngoma, kwa sauti ya kike isiyo na hasira hata kidogo.

"Nimechoka," ilisema. "Miaka kumi na tisa mahali pasipo na rangi hata moja."

"Umemwibia huyu mbili," mganga alisema. "Mrudishie, uende zako."

"Nitarudisha mbili. Anipe moja. Nikipewa sirudi."

Mganga alimgeukia Jicho. "Chagua mwenyewe, mwanangu. Nyeupe usiitaje, hutauona mchana tena."

"Mama, hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Nirudi kesho, na kesho kutwa, tupigane nalo, nalo liendelee kula. Jicho lako litahimili siku ngapi?"

Jicho alipiga hesabu ya kifundi. Bluu anaihitaji. Nyeusi na njano haiwezekani. Kahawia huituliza nyeupe iliyochomwa na jua. Miaka thelathini na moja, nyekundu alikuwa ameitumia labda mara nne. Alitaka tu yaishe.

"Chukua nyekundu," alisema.

Ukuta ulitulia. Harufu ikakatika kama bomba lililofungwa. Kopo la njano likawa njano. Jicho akachanganya rangi mara moja tu, akapaka, na kilipokauka hakuna aliyeweza kukionyesha kiraka kilipo, hata yeye mwenyewe. Nesi alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema Jumatatu watoto wa ng'ambo watapata chanjo yao. Shemeji alipiga makofi.

Jicho alirudi nyumbani akiburuta miguu. Mkewe alikuwa jikoni. Alipoambiwa kazi imekwisha alicheka kwa furaha, kinywa wazi. Ulimi wake ulikuwa wa kijivu. Ufizi, midomo kwa ndani, pembe za macho, vyote kijivu kama vya mtu aliyelazwa chumba cha maiti tangu jana. Aliponyoosha mikono amkumbatie, hata viganja vyake havikuwa na uhai.

Mtoto wao wa mwisho akaingia mbio, akicheka naye. Kinywa chake vile vile.

"Mbona unatuangalia hivyo?" mkewe aliuliza.

"Nimechoka tu," Jicho alisema, akainamisha uso.