Malkia wa Kabati

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua viatu, akala kilichobaki jikoni, kisha akaingia kabatini. Hakuwa anajificha. Shangazi yake alikuwa fundi cherehani, na kabati lake lilijaa magauni ya wateja. Nguo nyingi humeza mwangwi, kwa hiyo humo ndimo Chiriku na rafiki yake Betri walimorekodi nyimbo zao kwa simu. Betri aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuisha chaji.

Studio hawakuwa nayo, wala hawakuitamani. Ngoma yao ilikuwa mlio wa cherehani. Chiriku alitunga beti za kuwacheka wateja wanaoleta kitambaa asubuhi na kutaka gauni mchana. Shida ilikuwa kiitikio. Kila alipokijaribu, sauti ilikwaruza kama bawaba kavu ya mlango.

Siku moja simu ilikuwa mezani ikirekodi cherehani. Shangazi, akimpiga kijembe mteja aliyesimama mlangoni anahema, akaimba: "Mwenye haraka avae gunia, nguo nzuri haikimbizwi." Betri akaikata sauti ile, akaibandika kwenye wimbo. Hawakuomba ruhusa. Wenzao walipouliza nani anaimba, Chiriku alijibu bila kupepesa macho kwamba ni yeye, mwanzo mpaka mwisho.

Wimbo ukaruka simu hadi simu. Kinyozi wa mtaani akaupiga kutwa nzima. Mteja mmoja akakifanya kiitikio mlio wa simu yake, nayo ikalia wakati shangazi anampima kiuno. Shangazi akatoa pini mdomoni.

"Maneno yangu hayo. Kaniibia nani? Tena anaimba kwa pua, kama mbuzi mwenye mafua. Nikimkamata, namshona mdomo kwa uzi wa jinzi."

Chiriku, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, alijichoma sindano. Mtu hukaa na sauti yake miaka yote, lakini akiisikia kwenye simu huiona ya mgeni.

Mambo yakazidi. Mwalimu mkuu alimwita, akamwambia kwamba Ijumaa wazazi wanakuja, na wimbo huo auimbe yeye. Chiriku akakohoa kikohozi cha uongo. Mwalimu akamtuliza kwamba Ijumaa bado mbali, atapona. Betri ndiye aliyeleta hila: rekodi ipigwe kwenye spika, Chiriku achezeshe midomo tu.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Beti zikaenda vizuri. Kiitikio kilipoanza, shangazi, aliyeketi mstari wa mbele, alikunja uso. Kumbe mwizi analala nyumbani kwake. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unaimba maneno yake, na fundi hana moyo wa jiwe. Naye akaimba. Sauti ya spika na sauti ya kiti cha mbele zikafanana kama soksi za jozi moja. Shingo zikaanza kugeuka.

Chiriku aliona mlango wa kutokea. Angesema ni damu moja, ndiyo maana sauti zinafanana, na angebaki malkia. Kisha akamwona shangazi anampigia makofi. Akafunga mdomo. Wimbo ukaendelea bila yeye, watu wakaangua kicheko, mpaka Betri akazima.

"Beti ni zangu," Chiriku alisema, machozi yakimlenga. "Kiitikio ni sauti ya shangazi. Tulimrekodi bila yeye kujua, nikajisifu. Nisamehe, shangazi."

Shangazi akasimama. "Mimi? Mimi siimbi kwa pua."

"Unaimba kwa pua, mama," kinyozi akamjibu kutoka nyuma, "na ndiyo raha yenyewe." Ukumbi ukaafiki kwa makofi.

Walipofika nyumbani, shangazi aliwakalisha Chiriku na Betri, akawaamuru warekodi upya na majina mawili yatajwe kabla ya ngoma kuanza, la kwake kwanza. Betri akawasha simu papo hapo.

"Mwanangu, ungeniomba, ningekupa, tena ningeimba vizuri zaidi," shangazi akasema. "Kipaji unacho, beti zako zimenichekesha mimi mwenyewe. Lakini sifa ya mtu ni kama gauni alilopimiwa yeye. Ukilivaa wewe, watu watakusifu, ila kila ukivuta pumzi litakubana."