Vitabu Sitini na Kimoja

Siku ya kwanza ya muhula foleni ilianzia kaunta ya maktaba, ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi zote na kuishia kwenye bomba la maji la nje. Vyuo viwili vilivyotazamana kwa jicho la pembeni kwa miaka mingi, kimoja cha ualimu na kingine cha ufundi, vilikuwa vimekubali kutumia maktaba moja. Jengo lilikuwa la ualimu, kompyuta zilikuwa za ufundi, na wanafunzi wa pande zote mbili walitaka kadi mpya siku hiyohiyo.

Nyuma ya kaunta alisimama mkutubi ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kimya, maana hilo ndilo neno walilolisikia zaidi kinywani mwake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alivaa gauni la bluu iliyokoza, limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa mkufu mwembamba. Alimjua mtu aliyeficha chakula begini kabla hajavuka kizingiti.

Mwanamume mrefu, mikono ya shati lake jeupe ameikunja hadi kwenye viwiko, alipita kando ya foleni akaegemea kaunta.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Foleni inaanzia kwenye bomba."

"Samahani, mimi siyo..."

"Leo kila mtu siyo. Bombani, kaka."

Mwanamume akamtazama, akatabasamu, akashuka ngazi. Alipanga foleni saa moja na nusu. Zamu yake ilipofika akaweka barua mezani. Ilikuwa na saini ya mkurugenzi: mwenye barua hii ni fundi wa kompyuta kutoka chuo cha ufundi, ameletwa kwa mwaka mmoja kuunganisha orodha mbili za vitabu ziwe moja.

"Mbona hukusema?" Kimya aliuliza, masikio yakimwaka.

"Nilianza kusema, nikapelekwa bombani. Nashukuru, maji yake ni baridi."

Wakaanza kazi katika chumba cha nyuma, meza moja, viti viwili, na makabati ya kadi za zamani yaliyojaa ukuta mzima. Kimya alisoma kadi, Fundi akaandika. Kila kitabu kilitolewa rafuni, kikafutwa vumbi, kikabandikwa kibandiko kipya na kurudishwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza Kimya hakuongea naye lolote nje ya kazi. Wenzake wa ualimu walinong'ona kwamba watu wa ufundi wamekuja kuwameza, na mwaka ukiisha kaunta itabaki na mashine. Yule mwanamke aliyekaa naye kaunta moja, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyolala kwake, alimwambia waziwazi, "Shoga yangu, angalia. Kikulacho ki nguoni mwako."

Lakini mwezi wa nne Fundi alimletea chai asubuhi bila kuulizwa, na ilikuwa na tangawizi na haina sukari, kama anavyoipenda.

"Umejuaje?"

"Tumekaa meza moja siku themanini. Ningekuwa mpumbavu nisipojua."

Mwezi wa tano walianza kuondoka pamoja jioni. Mwezi wa sita simu ya Kimya ililia Jumapili, akiwa jikoni kwa baba yake akikaanga vitunguu.

"Mkutubi wangu, unafanya nini?"

"Napika. Na mimi si wako."

"Basi niandike kwenye daftari la wanaoazima."

"Unarudisha lini?"

"Sina mpango wa kurudisha."

Akacheka mpaka baba yake, mwalimu wa historia aliyestaafu katika chuo kilekile, akauliza kutoka sebuleni ni nini kinaungua. Mzee alikuwa mjane, mbishi, mtu wa kaunda suti hata siku ya kulima bustani. Binti yake alimpenda sana, lakini siku moja alimnyima kadi ya maktaba kwa sababu alichelewesha kitabu wiki tatu. Mtaa mzima uliijua hadithi hiyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia.

Shaka ilianza na namba. Orodha ya vitabu vya ualimu ilipokamilika katikati ya mwaka, vitabu sitini na kimoja havikuonekana, na vyote vilikuwa na muhuri wa zamani wa ualimu. Vilikuwa vya historia, vingine havichapishwi tena. Kimya aliiandika ile namba kwenye daftari lake. Wiki mbili baadaye kompyuta ilionyesha hamsini na tano. Mwezi uliofuata, arobaini na mbili.

Akaenda rafuni. Baadhi ya vile vilivyopotea vilikuwa vimesimama mahali pake na vibandiko vipya, kana kwamba havijawahi kutoka.

"Vimetoka wapi?" alimuuliza Fundi.

Fundi hakuinua macho. "Vilikuwa vimechanganyika na vingine."

"Wapi?"

"Nyuma nyuma huko."

Kimya alikuwa amefanya kazi mle miaka minane, na nyuma nyuma huko alipajua kama kiganja chake. Kuanzia siku hiyo akawa anamtazama. Aliona kwamba kila Jumatatu Fundi anafika mapema na begi la mgongoni limetuna, na jioni analibeba likiwa limelegea. Aliona kwamba Jumamosi hapatikani kwenye simu. Siku moja aliingia chumba cha nyuma bila kugonga akamkuta amempa mlango mgongo, simu sikioni.

"Jumamosi saa nne, kama kawaida," Fundi alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Hapana, hajui chochote. Nilikuahidi, sitamwambia."

Aligeuka, akamwona, akakata simu.

"Nani huyo?"

"Rafiki."

"Rafiki gani?"

"Wa siku nyingi. Mpenzi, tuendelee na kazi, rafu ya nane bado."

Redio alipohadithiwa alisonya. "Jumamosi? Huyo ana mke mahali. Na hivyo vitabu, ngoja nikwambie. Anavificha yeye, halafu anavivumbua yeye. Mwisho wa mwaka atasifiwa kwamba ualimu mlipoteza na ufundi wakapata."

Kimya hakulala vizuri wiki hiyo. La mke lilimuuma, ila la vitabu ndilo lililomkaa, kwa sababu lilikuwa na mantiki. Alirudia mazungumzo yao yote akayakuta na sura nyingine. Yale maswali ya Fundi kuhusu makabati ya zamani. Ile chai.

Jumatatu alikwenda mpaka mlangoni akasimama karibu na askari. Wanafunzi walikuwa wanaingia kwa wingi. Fundi alipofika na begi lake, Kimya akasema, "Afande, mkague huyu."

Askari alidhani ni utani. "Huyu Fundi wetu?"

"Mkague."

Begi likafunguliwa juu ya meza. Vikatoka vitabu saba vya historia, vimefungwa kwa gazeti, muhuri wa ualimu kwenye kila kimoja. Minong'ono ikaenea hadi kwenye ngazi.

"Hivi ni vya maktaba," Kimya alisema.

"Ni vya maktaba. Navirudisha."

"Kutoka wapi?"

Fundi alimtazama muda mrefu. "Siwezi kukwambia."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nilitoa ahadi."

"Kwa yule wa Jumamosi?"

"Ndiyo," alisema Fundi, na hilo ndilo lililomaliza kila kitu.

Kimya aliandika taarifa kurasa mbili, akaipeleka kwa mkurugenzi kabla ya saa sita. Kufikia alasiri Fundi alikuwa ameondolewa kwenye mfumo na kurudishwa chuoni kwake mpaka uchunguzi ufanyike. Alipita kaunta amebeba kikombe chake na waya wa kompyuta. Hakugeuka. Kazi ya orodha ikasimama, namba ikibaki kumi na saba.

Jumapili Kimya alikwenda kwa baba yake kama ilivyo ada. Alipakua chakula, wakakaa. Mzee akauliza habari za kazini.

"Tumemkamata mwizi," alisema Kimya. "Yule fundi wa ufundi. Alikutwa na vitabu vya historia kwenye begi."

Kijiko cha mzee kilisimama njiani. Akakirudisha kwenye sahani taratibu.

"Alisema amevitoa wapi?"

"Hakusema. Anamlinda mtu."

Alisukuma sahani, akanawa mikono, akajifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Njoo," akasema.

Akaenda mpaka mlango wa chumba chake cha kulala. Kimya alisita. Tangu mama yake afariki hakuwahi kukanyaga chumba kile, na kabla ya hapo alikuwa akiingia kwa kubisha hodi. Mzee aliufungua mwenyewe, akainama kwa shida, akainua shuka lililoning'inia kitandani. Chini yake kulikuwa na vitabu vilivyopangwa kwa ustadi wa mtu aliyefundisha miaka thelathini.

"Vimebaki kumi na saba," alisema mzee.

Kimya alikaa kwenye kiti cha karibu.

"Ghala la maktaba lilikuwa linavuja," mzee aliendelea, amesimama kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Kila mvua vinalowa, na hakuna anayejali. Nikavibeba kwa baiskeli, safari nne. Nikasema paa likitengenezwa nitarudisha. Paa lilichukua miaka mitatu. Wakati huo wewe umeshaajiriwa pale kaunta."

"Ukaniogopa, baba?"

"Nani hakuogopi? Ulininyima kadi kwa kitabu kimoja. Ningekuja na sitini na kimoja?"

"Na yeye?"

"Alikuta karatasi yangu ya penseli ndani ya kabati la kadi, orodha ya nilivyochukua siku ile. Akaja hapa, akabisha hodi kwa adabu. Angeweza kukuonyesha wewe au kumwonyesha mkurugenzi. Akanionyesha mimi kwanza. Nilimwomba, nikasema nipe mpaka mwisho wa mwaka virudi kidogo kidogo, binti yangu asiaibike mbele ya wageni. Kila Jumamosi anakuja. Tunacheza drafti, ananifunga, anaondoka na vitabu." Mzee akalishusha shuka. "Mwanangu, huyo si mwizi. Mwizi ni mimi."

Kimya alilia, halafu akakasirika, halafu akalia tena. Kisha akatafuta kanga ya zamani, akavifunga vile kumi na saba mafungu mawili. Kesho yake asubuhi waliingia maktaba pamoja, yeye na fungu lake, baba yake na lake, mzee amevaa kaunda suti ya kijivu. Mkurugenzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Mzee alipewa maneno makali na kiti. Kimya alipewa barua ya onyo kwa kumdhalilisha mfanyakazi bila ushahidi kamili. Aliisaini bila kubisha, akaomba jambo moja: aruhusiwe kusema kwenye mkutano wa mwaka.

Mkutano ulifanyika Ijumaa katika ukumbi wa kusomea. Mkurugenzi alisoma maendeleo ya mwaka: orodha moja badala ya mbili, kadi moja kwa wanafunzi wa vyuo vyote, chumba kipya cha kusomea chenye viti mia na hamsini, na foleni iliyokuwa ya saa nzima sasa ya dakika nne. Watu wakapiga makofi. Kisha Kimya akasimama na gauni lake la bluu, mikono ameibana nyuma.

"Kazi hii mnayoisifu ameifanya mtu ambaye hayupo hapa," alisema. "Hayupo kwa sababu nilimsimamisha mlangoni mbele yenu nikaamuru akaguliwe kama mwizi. Vitabu vilikuwa kwa baba yangu. Fundi alikuwa anavirudisha, na alinyamaza ili kunisitiri. Nimekosa. Naomba mlioniona siku ile mkawaambie na wale ambao hawapo leo."

Redio alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Alimpigia Fundi mara tatu. Simu iliita, haikupokelewa. Kwa hiyo Jumatatu alasiri alivuka barabara mpaka chuo cha ufundi, akauliza karakana ya kompyuta, akamkuta ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mkononi.

"Nimekuja," alisema Kimya.

"Nakuona."

"Nilikupigia."

"Niliona pia." Fundi aliendelea kukaza skrubu. "Wameniambia ulichosema mkutanoni. Ahsante."

"Hiyo tu?"

Akaweka bisibisi chini. "Ulikuja mlangoni ukanikagua mbele ya wanafunzi wa chuo changu. Miezi sita, kila jioni tunatembea pamoja. Hukuona hata mara moja mtu wa kuaminika?"

"Nilimwona. Nikaona amekata simu nilipoingia. Nikaona namba zinashuka. Nilikuuliza, ukaniambia nyuma nyuma huko. Ningeamini nini?"

"Hapo una haki," alisema Fundi. "Nilimlinda mzee, nikakuacha wewe gizani. Ningemwambia mapema kwamba ahadi ile imenizidi." Akamtazama usoni. "Sasa niambie. Umekuja kwa sababu unanipenda, au kwa sababu unajuta?"

"Kwa yote mawili. Nimejaribu kuyatenganisha, nimeshindwa."

Kwa mara ya kwanza uso wa Fundi ulilegea kidogo. Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Basi kuna jambo jingine nimekuficha," alisema.

Kimya akakaza macho. "Lipi?"

"Mwezi wa nane nilimuuliza mzee kama naweza kukuoa."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye kwako hana sauti, nikuulize mwenyewe."

"Na ukanyamaza muda wote huo?"

"Nilitaka vitabu viishe kwanza. Niliogopa utadhani nimekuwa mwema kwa baba yako ili nikupate."

"Ningedhani hivyo hivyo," Kimya alikiri. "Una mke mahali?"

"Sina."

"Mtoto?"

"Sina."

"Siri nyingine?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Alimchunguza kwa muda mrefu. Fundi alisimama akachunguzwa, wala hakukwepesha macho.

"Niulize basi," alisema Kimya.

Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, mikono yake bado ina harufu ya mafuta ya mashine.

"Nimekubali," alisema Kimya. "Lakini nakwambia mapema, mimi ni mtu wa kuuliza. Sitaacha."

"Uliza, mpenzi wangu. Sasa hivi nina majibu."

Kimya akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akaketi, akaanza na Jumamosi ya kwanza kabisa.