Mlezi wa Mti wa Kumi na Saba

Duka la kurudufu lilifurika wanafunzi na makarani, kila mmoja akidai yeye ndiye wa kwanza. Katika msongamano huo, mwalimu wa baiolojia, aliyevaa gauni la njano lililofifia mabegani, akavuta mchoro mrefu kutoka mashineni akidhani ni wake.

"Dada, huo ni wangu," akasema kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Alikuwa msanifu wa bustani katika ofisi ya serikali, na rula haikumtoka mfukoni.

"Wako? Mbona bustani yenyewe haina miti?"

"Ipo. Hiyo miduara."

"Hivyo ni vifungo vya shati, kaka Rula. Miti ni hii." Akamwonyesha ramani aliyoichora kwa mkono: miti arobaini na moja ya bonde la nyuma ya soko, kila mti na jina la jirani anayeumwagilia na kuulinda.

Rula akacheka. Alikuwa amekwisha, maskini, ila hakujua.

Miezi mitatu walitembea bonde lile mkono kwa mkono, na wasipoonana walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na nimechora. Miti yote nimeiacha isimame."

"Basi leo nakupenda kuliko jana. Usivimbe kichwa."

Sasa bonde hilohilo, Mkuu wa nchi alitaka liwe uwanja wa gwaride. Rula, ambaye ofisi yake ilipewa kazi hiyo, aliamini mchoro mzuri unaoonyesha miti ungeweza kuliokoa. Akaazima ramani ya mpenzi wake, na kwa mazoea ya kazi yao, ambapo kila kipimo huandikiwa kilikotoka, akayapanga pembeni majina yote arobaini na moja. Hata fahari aliona. Bosi akausifu unadhifu wake, akaupeleka mchoro kwa wakubwa.

Wiki iliyofuata magari yasiyo na namba yalipita nyumba kwa nyumba. Watu sita wa kwenye orodha ile walichukuliwa, wakiitwa wapinzani wa uwanja. Mlezi wa mti wa kumi na saba alikuwa baba yake mwalimu.

"Rula, wamejuaje?" alilia kwenye simu. "Walikuwa na orodha, kwa mpangilio wetu uleule!"

"Sijui, mpenzi."

Alikuwa anajua. Siku tisa alimsindikiza mwalimu gerezani na chupa ya chai, na siku tisa mama yake mwalimu alimwita mwanangu, akammiminia kikombe chake kwanza. Alistahili kofi, akapewa chai, na akainywa.

Siku ya kumi, wakiwa kwenye foleni ya gereza, alishindwa.

"Ni mimi. Niliandika majina kwenye mchoro. Sikukusudia, lakini ni mimi. Halafu nikakudanganya."

Mwalimu akamgeukia.

"La kwanza ni ujinga, ningelilia likaisha. Na hizi siku tisa? Umekunywa chai ya mama!"

Akamnyang'anya chupa, akasogea mbele bila kugeuka.

Rula alirudi ofisini akakataa kusaini mchoro wa mwisho wa uwanja. Wakamfukuza siku hiyohiyo, wakatafuta mwingine. Hakumpigia mwalimu kumwambia, asije akadhani anadai msamaha.

Ukapita mwezi, simu ikalia.

"Baba ametoka. Amekonda, na wamemkataza kukanyaga bondeni."

"Namshukuru Mungu."

"Mti wake hauna mlezi. Kesho tunabandika orodha mpya sokoni, mchana kweupe. Baba amesema nikuulize. Nilikataa. Halafu nimepiga."

"Niandike."

"Sikuandiki. Njoo uandike mwenyewe. Jina kamili, kama ulivyoandika la baba."

Kesho yake Rula akaja na shati lisilopigwa pasi. Wanaume wawili wenye miwani ya jua walikuwa ng'ambo ya barabara wakipiga picha. Mwalimu aliishikilia karatasi ukutani isipeperuke, macho kayaelekeza pembeni, mpaka Rula alipomaliza herufi ya mwisho. Hakumkumbatia. Alimpa ndoo.

"Kamwagilie kabla jua halijawa kali," alisema. "Chai ya mama utainywa ukimaliza."