Ruhusa ya Austine

"Afisa alikuuliza nini, Mama Phelesia? Na ukamjibu nini?"

"Aliuliza mume wako ni nani. Nikasema Austine."

"Austine alikufa!"

"Nani alimwona?"

Majirani walishajaa, wengine wamebeba ufagio kama kisingizio. Hakuna mtaa Homa Bay unaokosa masikio. Lynnet, aliyekuwa akiuliza, alisimama kwenye ua unaotenganisha nyumba yake ya kupanga na boma la Phelesia, dera la kijani mwilini, miguu mitupu.

Austine alikuwa mumewe wa kwanza, mtoto wa Phelesia. Ziwa lilimmeza karibu na Sindo, mwaka wa nane huu, wala halikumrudisha. Wazee wakazika tunda la mti wa yago badala ya mwili, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka. Mama mtu akakataa katakata kuandikisha kifo.

Lynnet akakimbilia Mbeya. Huko, katikati ya kelele za soko la Mwanjelwa, yeye na Simeon wa Njombe waliwahi parachichi moja kwa wakati mmoja. "Chukua wewe, mrembo, ila nionyeshe unakolipeleka," alisema yule Mtanzania. Wakaoana. Mwaka huu akarudi naye nyumbani, akamwombea kibali cha kuishi Kenya kama mumewe, ndipo afisa wa uhamiaji akaja kuhoji majirani. Sasa faili inasema Lynnet ana mume mwingine.

Simeon aliyasikia yote kutoka mlangoni. Akachukua begi, akaondoka bila kuaga.

Lynnet akapiga simu mara nyingi. Jioni ikapokelewa.

"Uko wapi, dear?"

"Migori. Kesho navuka mpaka wa Isebania."

"Unaniacha, Sim?"

"Ulisema mlimzika."

"Tulizika tunda! Ningekuambia hivyo, si ungenicheka?" Sauti ikakatika. "Bado namsikia akikohoa hapo nje. Kama anangoja kufunguliwa."

"Kumbe ndiyo maana hupendi tuweke komeo."

"Nikiweka, naona kama namfungia nje, na amelowa."

Kesho yake mchana boda ikamshusha Simeon, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Lynnet akatoka mbio, lakini mwanamume akampita, akaingia boma la Phelesia.

"Shikamoo, mama. Naomba nimsalimie Austine."

Mama akaelekeza kwa kidevu tu. Simeon akachuchumaa kando ya kaburi, akavua kofia.

"Kaka, mimi ni Simeon. Sikuja kukufukuza. Nilimkuta Lynnet amebaki peke yake, nikampenda. Nilikaa karibu na kwako bila hodi, hapo nimekosa. Nipe ruhusa, nami nitamtunza. Na mama yako nitamwita mama."

Upepo wa ziwani ulitulia ghafla, hata majani ya mgomba yakaning'inia kama yanasikiliza. Lynnet, kwenye ua, alihisi vinyweleo vimesimama.

Phelesia alikuwa ameketi chini, leso usoni.

"Tangu tuzike ile tunda," alisema, "hakuna mtu amemwongelesha isipokuwa mimi. Wote wanapita tu, kama hapa hakuna mtu." Akapangusa pua. "Amekufa. Mtoto wangu amekufa. Nitaenda mwenyewe kwa huyo afisa, nimwambie."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Majirani wakainamisha vichwa.

Mama akainuka, akakung'uta rinda, sauti yake ya kugombana ikarudi, akamwita Lynnet kwa jina la kwao.

"Nyar Asumbi! Unalia huko kwa ua kama mgeni, kwani hujui mlango? Leta maji mumeo anawe mikono. Na wewe Mtanzania, wacha kuchuchumaa. Samaki iko mezani. Ingia ukule."