Kiwiko cha Bwana Picha

Kifuniko cha chupa ya chai kililia kwi, kwi, kabla hakujapambazuka. Fundi cherehani alikuwa anakikaza polepole asimwamshe baba yake, kumbe mzee alikuwa macho zamani, ameshavaa shati lake jeupe, amekaa kitandani anamsubiri. Siku hiyo alikuwa anakwenda kupigwa picha za tumbo. Uvimbe ulikuwa chini kabisa ya utumbo mpana, mahali ambapo mzee aliona haya kupataja mbele ya bintiye.

Hospitali ilifurika. Watu walisongamana dirishani, karatasi mikononi. Mzee hakuweza kukaa kwenye benchi gumu, wala kusimama sana. Kijana mmoja mwenye sare ya kijani iliyofumuka begani alimwona, akaingia ndani, akarudi na mto. Akaukung'uta, akauweka, akamshika mzee mkono mpaka akatulia.

"Ahsante, kaka," fundi alisema. "Lakini hiyo sare nani alikushonea, adui yako?"

Kijana akalitazama bega lake. "Kumbe inaonekana?"

"Mpaka getini. Inama."

Akainama. Fundi akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa gauni lake la bluu, akamshonea papo hapo. Shingo ya kijana ilinukia sabuni. Harufu hiyo akarudi nayo nyumbani.

Zikafuata simu. Fundi alimwita yule kijana Bwana Picha, kwa sababu ndiyo kazi yake: wakati wa upasuaji hukaa mbele ya skrini, na ncha ya kifaa cha daktari huonekana kama nukta ikitembea ndani ya picha za mgonjwa. Hivyo daktari hujua, hatua kwa hatua, amebakiza kiasi gani kuufikia mrija wa mkojo au mshipa wa damu.

"Kama mimi ninavyofuata chaki kwenye kitambaa," fundi alisema. "Lakini mimi nikikosea nafumua. Na nyinyi?"

"Sisi hatufumui, mpenzi. Ndiyo maana naangalia."

Siku ya upasuaji, Bwana Picha aliahidi kwamba saa nne kamili angemtuma mtu nje na habari. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Hatimaye muuguzi akatoka, akaeleza kwamba kazi ilisimama zaidi ya nusu saa. Ubavuni mwa kitanda hufungwa alama inayoiambia mashine mgonjwa amelalaje, na mtu wa picha alikuwa ameigonga kwa kiwiko. Ikabidi wapime upya kila kitu. Mzee yuko salama, aliongeza, ila fundi alisikia lile la kwanza tu.

Bwana Picha alipotoka, macho yalikuwa sakafuni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi usinipigie tena."

Akatii, na huko kutii ndiko kulikomuumiza fundi. Mzee akapata nafuu, akaanza kula, akaanza kulalamikia chumvi. Fundi alishona huku simu iko kando ya cherehani, akajidunga vidole mara nyingi kuliko mwanafunzi. Kila ilipolia, alikuwa mteja. Alimkasirikia kijana kwa kuigonga ile alama, akamkasirikia zaidi kwa kunyamaza, na sare yoyote ya kijani ikipita barabarani alitazama bega kwanza.

Mwezi ulipokwisha walirudi kliniki. Daktari mpasuaji alimpima mzee, akaridhika, kisha akamgeukia binti.

"Alama ilisogea kidogo mno. Kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa, na hakuna aliyeona. Yule kijana alijitaja mwenyewe mbele yetu sote. Angenyamaza, ningekata mrija wa mkojo nikiamini niko mbali nao."

Fundi alipiga simu akiwa bado ukumbini.

"Bwana Picha."

"Fundi. Baba hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini hukuniambia kwamba ulijitaja mwenyewe?"

"Kwa sababu kiwiko kilikuwa changu." Akavuta pumzi. "Niligeuka kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne, na nilikuwa nimekuahidi."

Fundi akaketi taratibu kwenye lile benchi gumu.

Jioni hiyo hiyo Bwana Picha alibisha hodi, nywele mbichi kwa kuoga. Mzee akachomoa mto aliokuwa ameukalia, akamwekea mgeni kitini.

"Kaa, mwanangu. Viti vyetu vigumu."

Kijana akataka kuomba msamaha. Mzee akamkatiza kwa kumuuliza kama kazi yake humwachia nafasi ya kula, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana usingizi, akaingia chumbani jua likiwa bado halijazama.

Mlangoni fundi alilikagua bega. Uzi wake ulikuwa bado umeshika.

"Kesho uje tena," alisema.

"Saa ngapi?"

Akamshika kiwiko, akakibana kidogo. "Usitazame saa. Wewe njoo tu."