Mkanda wa Gobore la Muntasir

Kitu cha kwanza Bi Mwajabu alichokigundua kwenye lile gobore ni kwamba mbao yake haikuwa na alama ya mkanda. Alilizungusha juu ya meza yake ya kazi, pale barazani kwake Yombo, akapitisha kidole gumba kutoka kwenye kitako hadi karibu na mdomo wa mtutu. Lilikuwa la zamani sana, la kushindilia baruti kwa mbele, na mikono ya watu ilikuwa imeilainisha mbao mpaka ikang'aa. Lakini hapakuwa na tundu, wala pete, wala mchubuko wa ngozi. Miaka thelathini alikuwa akishona mikanda na mikoba, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe, na hakuwahi kuona bunduki ya mwindaji iliyozeeka hivyo bila kuning'inizwa begani hata siku moja.

"Babu yako alikuwa analibebaje hili?" aliuliza.

"Mikononi tu, mama," alijibu Muntasir, muuza vitambaa wa Kawe aliyerithi gobore hilo la babu yake pamoja na kibali chake. Alitazama pembeni. "Wazee walikuwa na mambo yao. Mie nalipeleka shamba Mkuranga, nguruwe wanamaliza mihogo. Siwezi kutembea nimelikumbatia kama mtoto."

Aliingiza ufito wa chuma ndani ya mtutu hadi ukagonga chini, kumwonyesha kuwa halina kitu. Hata hivyo ilitoka harufu ya baruti, mbichi, kama limefyatuliwa asubuhi hiyo.

"Halijalia tangu babu afe," Muntasir alisema kabla hajaulizwa, kisha akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Bi Mwajabu hakutaka kutoboa mbao ya umri ule, ingepasuka. Alikata ngozi ya ng'ombe, akaishona kama soksi ya kukivika kitako, akaikaza ubavuni kwa kamba za ngozi. Mbele alizungusha kitanzi chembamba kwenye mtutu, akahakikisha ufito unapita bila kukwama. Kisha akaunganisha mkanda wenyewe. Kimo chake na cha Muntasir havikupishana sana, kwa hiyo alilivaa mgongoni apime urefu.

Uzito ulitulia. Halafu ukajipandisha.

Ulijipandisha kidogo tu, kama mtoto aliyeanza kuteleza anavyojivuta juu mgongoni mwa mama yake, na kabla Bi Mwajabu hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa umeshaenda nyuma kumpigapiga.

Alilivua upesi, akaliweka mezani. Gobore lilikuwa mezani. Uzito ulikuwa bado mgongoni.

Muntasir aliporudi alilivaa, akacheka. "Mbona limekuwa jepesi hivi? Una mikono ya baraka, mama." Akaondoka na gari lake.

Bi Mwajabu alijiambia ni presha. Alikuwa anazoa vipande vya ngozi barazani, ameinama, Jesca muuza karanga alipotokea kwa nyuma.

"Shikamoo mama Najat. Leo mna wajukuu wawili? Twaha nimemwona na mama yake bombani sasa hivi. Huyu uliyembeba wa nani?"

Bi Mwajabu alinyanyuka taratibu. Jesca akamzunguka, akamtazama kifuani, mahali ambapo fundo la mbeleko lingekuwa, na hakuona fundo. Alijitwisha beseni lake akaondoka bila kuaga.

Najat, binti yake, alirudi na ndoo ya maji kichwani na Twaha, mtoto wa miezi saba, mgongoni. Mbeleko ilikuwa imelegea. Bi Mwajabu alisimama nyuma yake kumkazia, kama alivyofanya kila siku, na mikono yake ilipogusa khanga, mgongo wake ukawa mwepesi ghafla. Alishusha pumzi. Alisema alhamdulillahi, akaingia ndani kujilaza, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alipoamka adhana ya alasiri ilikuwa imepita. Uani alisikia mbuzi ikikuna nazi, na sauti ya Najat ikibembeleza, na kiganja kikipiga taratibu juu ya khanga, pu, pu, pu. Alipita chumbani kwa Najat kuelekea huko, akasimama mlangoni.

Twaha alikuwa kitandani, peke yake, amefunikwa shuka jinsi Najat anavyomfunika, macho wazi, halii, anautazama mlango wa uani.

Akasogea hadi mlango ule, na kutoka pale akamwona binti yake amekaa juu ya mbuzi amempa mgongo, na mbeleko imetuna na kuelemea upande mmoja kama inavyotuna mtoto akilala, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, pumzi nzito kuliko za mtoto, na harufu ya baruti na manyoya mabichi imejaa ua mzima, na alipotazama chini, pale kiunoni ambapo nyayo mbili za mtoto huchungulia kila upande wa khanga, hapakuwa na nyayo.

"Najat," aliita kwa sauti ya chini. "Twaha yuko wapi?"

"Si huyu." Kiganja kilipiga, pu, pu. "Leo kalala, mama, sijamshusha kabisa. Nimemnyonyesha mara mbili, nampitisha kwapani tu, hata sikumfungua. Ananuka moshi. Nitamwogesha."

"Usimfungue. Usigeuke. Endelea na nazi yako."

Najat alisikia kitu katika sauti ile, na mkono wake ukasimama. Kile kilichokuwa mgongoni kikajipandisha juu kidogo. Mkono ukaanza tena kupiga, wenyewe.

Bi Mwajabu alimpigia simu Muntasir. Hakumaliza kueleza. Yule bwana akamkatiza, "Nakuja na shangazi."

Walifika jua likiwa bado juu ya mabati. Bi Khulud, mwanamke mkavu mwenye baibui lililopauka, aliyejulikana Kawe nzima kwa kusomea wagonjwa, alichungulia uani mara moja tu, akamgeukia mpwa wake.

"Baba yangu alikwambia nini juu ya gobore lile?"

"Kwamba halivaliwi." Muntasir aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni maneno ya wazee."

"Babu yangu alimkuta huyu porini Rufiji, amekaa njiani, anaomba kubebwa," Bi Khulud alimwambia Bi Mwajabu, kwa mnong'ono. "Akambeba ndani ya gobore, mikononi, na hakukosa tena nyama ya mawindo. Mikononi unamwona, naye anajua unamwona. Ukimweka mgongoni, anakuwa mwanao."

Alichoma udi. Alisoma Ayatul Kursiyu mara saba huku Bi Mwajabu akikata kamba zote alizoshona mchana ule, mpaka mkanda ukaanguka mavumbini. Muntasir akapiga magoti mbele ya Najat, gobore limelala juu ya mikono yake miwili.

"Mlete kwa mbele, mwanangu," alisema Bi Khulud. "Wewe mwenyewe. Hakuna mwingine anayeweza."

Najat alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni mtoto wangu. Mnataka nimpe mtu mtoto wangu?"

Bi Mwajabu aliingia ndani, akamchukua Twaha, akamweka mapajani mwa mama yake. Twaha akashika nguo ya mama yake, akaguna. Najat alimtazama muda mrefu, kwa heshima, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani. Bi Mwajabu alisema baadaye kwamba katika siku ile yote hakuogopa kitu kama macho yale.

Mwishowe Twaha alilia. Kilio kile kilimfikia. Najat alifumba macho, akavuta fundo, akaipitisha khanga kwa mbele. Ilianguka tupu. Na hapo hapo mikono ya Muntasir ikashuka mpaka ikagusa ardhi, na jasho likamtoka, na alipojikaza kusimama, alitoka uani kiubavuubavu, bila kuondoa macho kwenye alichokibeba.

Usiku ule wote walilala. Twaha alinyonya. Siku ya nane, saa nne asubuhi, simu ya Bi Mwajabu ikaita. Alikuwa barazani, Najat alikuwa ndani anafua nepi.

"Bi Mwajabu." Sauti ya Muntasir ilikuwa imechoka, ya mtu asiyelala. "Najat yupo?"

"Unamtakia nini?"

"Sio mie ninayemtaka. Mikononi kwangu hatulii."

Nyuma ya maneno yake hapakusikika kitu, upepo tu wa shambani. Bi Mwajabu alikata simu, akaizima, akakaa nayo mapajani. Kelele za maji kule ndani zilikoma. Najat akatokea mlangoni, mikono inachuruzika povu, na kifuani gauni lake limelowa maziwa pande zote mbili.

Twaha alikuwa amelala fofofo juu ya mkeka, miguuni pa bibi yake.

"Mama," Najat aliuliza taratibu, akitazama njia ya kwenda barabarani, "husikii kama analia?"